Nyuki asiyebeba chavua

Nyuki wengi unaowakuta kwenye maua wana alama moja isiyojificha, miguu ya nyuma au chini ya tumbo pamechafuka unga wa njano, mweupe, wakati mwingine hata wa zambarau, na hiyo ndo chavua wanayoipeleka nyumbani kulishia watoto. Sasa kuna nyuki mmoja ukimwangalia vizuri utakuta ni msafi kuanzia kichwani mpaka ncha ya tumbo, anakunywa nekta yake kwenye kivumbasi, anafuta papasi zake (zile pembe mbili nyembamba za kichwani), anaondoka, na umfuatilie mpaka jioni hutamwona akibeba kitu. Hachimbi nyumba, hakusanyi akiba, halishi mtoto. Wanasayansi wanamwita Thyreus, hilo ni jina la jenasi yake yote, yaani kundi zima la spishi zilizo ndugu, na katika nyuki wote ninaowajua huyu ndo nimempenda kuliko wengine, kwa hiyo leo naomba mnivumilie nimwelezee kwa urefu.

Tuanze na sura maana sura ndo inayomfanya mtu asimame. Ni mweusi tii, mweusi wa kung'aa kidogo, afu juu ya huo weusi kuna mabaka ya vinyweleo vifupi vilivyolala vikashikana, meupe au ya bluu ya kupauka, yamepangwa pande zote mbili za tumbo, pingili kwa pingili, mengine yapo kifuani, na miguuni kuna mikanda ya rangi hiyohiyo hadi unaona kama mtu alikaa chini akampaka kwa brashi. Mabawa yake ni ya moshi, kahawia iliyokoza, sio yale ya kuonekana ng'ambo kama ya nyuki wa asali. Urefu ni kati ya sentimita moja na moja na nusu hivi, kutegemea spishi. Ukitafuta picha zake kwenye intaneti utakutana zaidi na yule wa Australia, Thyreus nitidulus, ambaye bluu yake inawaka kwelikweli, wa kwetu wengi wamepoa zaidi, lakini mchoro ni uleule na ukishamjua mmoja unawatambua wote.

Kuna sehemu mbili za mwili wake ambazo mi huziangalia kabla ya rangi. Ya kwanza ni mgongoni, pale kifua kinapoishia, kuna kibamba kigumu kimetokeza kwa nyuma kikafunika mwanzo wa tumbo, na ukingo wake wa nyuma una pengo katikati na pembe mbili pembeni. Nyuki wengi hawana kitu cha namna hiyo. Ya pili ni kile ambacho hakipo, yaani vile vinyweleo virefu vya kubebea chavua kwenye miguu ya nyuma, vimepotea kabisa, mguu umebaki mwembamba wenye nywele fupi. Tumbo nalo limechongoka kuelekea nyuma na ngozi yake yote ni nene, imejaa vishimo vidogo vidogo, ngumu kuliko ya nyuki wa kawaida wa saizi yake. Hayo yote yana sababu, tutafika.

Anaishi wapi? Jenasi hii ina spishi kama 100 hivi, zimeenea Afrika, Ulaya ya kusini, Asia hadi Australia, lakini bara lote la Amerika hayupo. Hapa Afrika Mashariki utamkuta kwenye vichaka vya sehemu kavu, pembezoni mwa mashamba, kwenye bustani za mjini, popote penye maua ya jamii ya vivumbasi na mirehani, mavi ya kuku (ile lantana ya kwenye uzio) na magugu mengi tunayoyafyeka bila kuyaangalia mara mbili. Ila hayo maua ni mgahawa tu. Makazi yake hasa hayachagui yeye, yanachaguliwa na nyuki mwingine, kwa sababu Thyreus anaweza kuishi pale tu ambapo kuna nyuki waliochimba nyumba zao kwenye udongo, hasa wa jenasi ya Amegilla, na wakati mwingine ndugu zao wa karibu Anthophora.

Mimi nimekulia Dodoma, na bibi yangu alikuwa na nyumba ya tembe, zile za wagogo, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo pia. Ukuta wa upande wa kivulini ulikuwa umejaa matundu ya kutosha kupitisha penseli, na kuanzia asubuhi jua likishapanda kulikuwa na mlio mkali wa juu, nyuki wanaingia na kutoka kwa kasi ambayo macho ya mtoto hayaifuati. Tulitaka kuwachoma na majani makavu. Bibi alitukataza, akasema "Waacheni hao wajukuu zangu, wana kazi yao, wala hawana habari na nyie." Na kweli hawakuwahi kutuuma, tulipita pale na ndoo za maji kichwani kila siku.

Wale walikuwa Amegilla, na lazima niwaeleze hawa kwanza maana bila wao habari ya Thyreus haipo. Ni nyuki wanene wenye manyoya ya kijivu au kahawia ya dhahabu, tumbo lina mistari, mdomo mrefu wa kunyonyea, wanaelea mbele ya ua sekunde moja kisha wamehama. Hawana malkia, hawana vibarua, hawana mzinga wala asali ya kurina. Kila jike ni mama anayejitegemea, anachimba tundu lake mwenyewe, ila wanapenda kuchimba karibu karibu kwa hiyo ukuta mmoja au kingo moja ya korongo inaweza kuwa na majike wengi, kila mmoja na mlango wake. Wanapenda udongo mkavu uliosimama wima, penye kivuli cha paa au cha mwamba ili mvua isilowanishe, ndo maana unawakuta kwenye makorongo, kwenye kingo zilizochongwa na greda pembeni ya barabara, kwenye tofali mbichi zilizopangwa zikasahaulika, na kwenye kuta za nyumba za udongo.

Ndani ya tundu anatengeneza chumba kidogo cha mviringo, anasawazisha kuta zake, afu anazipaka utando wa aina ya nta kutoka kwenye tezi iliyo tumboni mwake, utando huo unazuia unyevu. Kisha anaanza safari za maua. Chavua na nekta anavichanganya humohumo chumbani vinakuwa laini kama uji, chakula cha kumtosha mtoto mmoja tangu anaanguliwa mpaka anakua, na akishajaza kiwango chake anataga yai moja juu ya huo uji, anaziba mlango kwa udongo, anahamia chumba kinachofuata. Hatamwona mtoto wake akila. Kazi yote ya malezi anaimaliza kabla mtoto hajazaliwa, na ukifikiria ni safari ngapi za maua zinaingia kwenye chumba kimoja unaelewa kwa nini chumba hicho ni mali.

Na Amegilla ni wa maana kwetu kuliko tunavyojua. Maua ya biringanya, nyanya, ngogwe na ndugu zao hayaachii chavua kirahisi, imefungiwa ndani ya vifuko virefu vyenye tundu dogo nchani. Amegilla ananing'inia kwenye ua, analiuma, anatetemesha misuli ya kurukia bila kuruka, na chavua inamwagika kupitia lile tundu, ukisikiliza kwa karibu mlio unabadilika ghafla unakuwa mwembamba. Nyuki wa asali hawezi kufanya hivyo. Nyuki seremala wanaweza, na wengine kadhaa wa porini. Kule Nguruman, Kajiado nchini Kenya, Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walichunguza mashamba ya biringanya, matokeo yao yalitoka 2008, wakaonyesha kwamba nyuki wa porini ndo wanaofanya kazi kwenye zao hilo na kwamba pori lililobaki jirani na shamba ndo linawalisha wakati biringanya haina maua. Huko Australia ambako bara kuu halina nyuki bumbi (wale wakubwa wenye manyoya mengi) wa kuwekwa kwenye nyumba za kioo za nyanya, Katja Hogendoorn wa Chuo Kikuu cha Adelaide na wenzake waliwajaribu Amegilla na nyanya zikaongezeka uzito.

Sasa turudi kwa Thyreus, maana yeye ndo mwizi wa vyumba hivyo.

Jike la Thyreus halina papara. Ukikaa mbele ya ukuta wenye matundu asubuhi yenye jua utamwona anaruka polepole karibu na udongo, sambamba na ukuta, anasimama mbele ya tundu moja, papasi zimenyooshwa mbele, anasogea tundu linalofuata, anatua, anaingiza kichwa, anatoka. Wakati mwingine anakaa tu kwenye kijiti jirani, ametulia, na mwenye nyumba anapita mbele yake na mzigo wa chavua. Anasubiri atoke. Mwenye nyumba akiondoka kwenda kutafuta mzigo mwingine, Thyreus anaingia, na hapo dakika zina thamani. Wakikutana mlangoni inakuwa vurugu fupi, na ndo hapo unaelewa ile ngozi nene ni ya nini, taya za mwenye nyumba haziipenyi kirahisi na kile kibamba cha mgongoni kinafunika pale kifua na tumbo vinapoungana. Jike la Thyreus ana mwiba pia na ukimbana mkononi atakuchoma, lakini yeye kukufuata wewe, hapana, hana nyumba ya kulinda.

Kitu anachotafuta ndani ni chumba chenye chakula. Kundi alimo Thyreus, ambalo wataalamu wanaliita Melectini, linajulikana kwa tabia ya kuvunja chumba ambacho tayari kimezibwa. Jike anatoboa kizibo cha udongo, anaingiza ncha ya tumbo lake lililochongoka, anabandika yai kwenye ukuta au dari la chumba, kisha anaziba tena lile tundu, kwa hiyo mwenye nyumba akirudi anakuta mlango umefungwa anaendelea na kazi zake. Jenasi nyingine, mfano Nomada, wanafanya tofauti, wao wanaingia chumba kikiwa bado kiko wazi na kuficha yai ndani ya ukuta wenyewe. Kila kundi na njia yake ila lengo ni moja, yai liingie kwenye chumba cha mtu na lisionekane.

Jerome Rozen wa makumbusho ya historia asilia ya New York ndo mmoja wa watu waliotumia maisha yao kuchimbua viota vya nyuki wa namna hii, kuchora mabuu yao na kuandika kinachotokea gizani, na mwaka 1969 aliandika kuhusu Thyreus wa Afrika na wenyeji wake, yaani nyuki anaowaibia. Mi namheshimu sana mtu wa kazi hiyo. Hebu fikiria kuchambua udongo mkavu kwa kisu kidogo, chumba kwa chumba, ili kumpata kiumbe wa milimita chache bila kumpasua.

Buu linaloanguliwa kutoka kwenye yai la Thyreus halifanani kabisa na mtoto wa nyuki unayemjua. Mtoto wa nyuki wa kawaida ni kitu laini, cheupe, kisicho na haraka, kinafungua mdomo kinakula. Hili lina kichwa kikubwa kigumu, na mbele ya kichwa kuna taya mbili ndefu zilizopinda kama mundu, na linatembea. Linatambaa humo chumbani gizani likitafuta, na likifikia yai la mwenye nyumba au buu lake dogo, linalichoma kwa zile taya na kuliua. Kama Thyreus mwingine naye alipita na kutaga kwenye chumba hichohicho, mabuu ya kigeni yanapambana yenyewe kwa yenyewe mpaka linabaki moja. Chumba kimoja kina chakula cha mmoja, hakuna kugawana.

Halafu linajivua ngozi, na hapa ndo mimi huwa nasimama kila nikisoma habari hizi. Zile taya zinaondoka na ngozi ya kwanza. Linalotoka ni buu nene, jeupe, lenye taya fupi za kulia tu, huwezi kulitofautisha kirahisi na mtoto halali wa nyumba ile. Silaha ilikuwa ya siku chache tu za mwanzo, kwa kazi moja, na kazi ikiisha mwili unaitupa. Kuanzia hapo linakula ule uji wote uliokusanywa kwa ajili ya mwingine, linanenepa, linatoa kinyesi chake, linatulia. Hatua hiyo ya kutulia inaweza kuwa ndefu sana, sehemu zenye kiangazi kirefu kama Dodoma nyuki wengi wa udongo wanavuka ukame wakiwa hivyo, buu lililokomaa limelala kwenye chumba chake likisubiri msimu. Kisha linakuwa pupa, jeupe kwanza, macho yanaanza kuwa meusi, mwili unafuata, na mwisho kabisa nyuki mzima mwenye mabaka anatafuna udongo mpaka nje.

Muda wake wa kutoka nao una mahesabu. Nyuki wa aina hii kwa kawaida wanatokeza wakiwa wamechelewa kidogo kuliko wenyeji wao, na lazima iwe hivyo, kwa sababu akitoka kabla Amegilla hawajaanza kujaza vyumba hatakuta cha kuiba. Akitoka anakunywa nekta, anapandana, na majike wanaanza kuzunguka kuta. Wanabeba mayai mengi yaliyoiva kwa wakati mmoja kuliko nyuki wanaojenga, tena mayai madogo, maana nafasi ikipatikana lazima awe tayari saa hiyohiyo. Anayejenga yeye anajua lini chumba chake kitajaa, anaivisha yai moja kwa wakati wake. Anayeiba hajui.

Na katika yote hayo hakuna aliyemfundisha. Mama yake hakumwona. Alizaliwa peke yake kwenye nyumba ya mtu mwingine, akaua kabla hajala, na siku anatoka nje anajua tayari aende ukuta gani na atafute harufu gani.

Kuhusu harufu, kuna kazi moja nzuri sana kutoka Sweden ya mwaka 1977, Tengö na Bergström waliangalia nyuki wa jenasi ya Nomada na wenyeji wao wakakuta madume wa Nomada wanatoa harufu inayofanana na ile ya majike wenye nyumba. Mwizi ananukia nyumba anayoiibia. Sisemi Thyreus anafanya hivyohivyo, wale ni jenasi nyingine, nasema tu ujue mchezo huu umekwenda mbali kiasi gani.

Umekwenda mbali kwa sababu una miaka mingi na haukuanza mara moja. Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki (watu wengi tunajua moja tu, ya asali, labda na nyuki wadogo wasiouma), na zaidi ya moja katika kila kumi ni wa namna hii, wanaotaga kwenye nyumba za wengine. Wametokea kwenye koo tofauti za nyuki, kila ukoo kwa wakati wake, na cha ajabu wote wameishia kufanana, vinyweleo vya chavua vimepotea, ngozi imekuwa nene, rangi zimekolea. Coelioxys wanawaibia nyuki wakata majani, wale Megachile wanaotoboa majani ya waridi na mbaazi vipande vya duara kama vimekatwa kwa mashine, na jike la Coelioxys ana mkia mkali uliochongoka wa kupenyeza yai katikati ya hayo majani. Sphecodes, weusi wenye tumbo jekundu, wao mama mwenyewe mara nyingi analiharibu yai la mwenye nyumba kabla ya kutaga lake. Thyreus kazi hiyo kamwachia mtoto.

Nikimwonyesha mtu picha na kumweleza haya, jibu linalorudi mara nyingi ni moja, "Muue huyo, anawadhulumu wenzake." Naelewa hasira hiyo, ukishamwona Amegilla anarudi kwa mara ya ishirini na mzigo kichwa chini unamwonea huruma. Lakini sikubaliani nayo hata kidogo, na sababu yangu ndo hasa iliyonifanya niandike.

Thyreus hawezi kuishi mahali ambapo Amegilla ni wachache. Kila buu lake linakula chumba kizima cha mwenyeji, kwa hiyo ili kuwe na Thyreus wa kutosha kupandana na kuendelea, lazima vyumba vya Amegilla viwe vingi kiasi kwamba vinavyoibiwa havimalizi ukoo. Wenyeji wakianza kupungua, anayeanguka wa kwanza ni mwizi, kabla wewe hujagundua kwamba wenyeji wenyewe wamepungua. Mwaka 2013 Cory Sheffield na wenzake kule Kanada waliliandika hili waziwazi, kwamba nyuki wanaoiba nyumba ni kipimo kizuri cha hali ya jamii nzima ya nyuki wa eneo. Kwa hiyo mimi nikiona mabaka yale meupe kwenye kivumbasi nafurahi kabisa, najua karibu hapo kuna ukuta au korongo limejaa, kuna biringanya zinatetemeshwa, kuna maua ya kutosha msimu mzima.

Na tuwe wakweli kuhusu mwizi anayemaliza. Yupo, na ni binadamu waliomfikisha alipo. Nyuki wa asali wa Rasi kule Afrika Kusini, Apis mellifera capensis, vibarua wake wanaweza kutaga mayai ya majike bila kupandana na dume, na wakiingia mzinga wa nyuki wa asali wa aina nyingine wanataga humo na mzinga unakufa. Walikaa na jirani zao miaka yote bila maafa ya namna hiyo, mpaka mwaka 1990 wafugaji walipohamisha mizinga kuipeleka kaskazini mwa nchi, ndipo makoloni mengi yakaangamia. Thyreus na Amegilla hakuna aliyewahamisha. Wamezoeana kwenye udongo uleule, kwenye misimu ileile, na idadi ya mmoja inamfunga mwenzake.

Kinachonitia wasiwasi ni ukuta. Tembe ya bibi haipo tena, palipokuwa na ukuta ule kuna nyumba ya bloku, imepigwa plasta, na mimi siwezi kumwambia mtu aishi kwenye nyumba inayovuja ili nyuki wapate pa kukaa, bibi mwenyewe aliitamani hiyo simenti. Ila tunaweza kuacha vitu vingine. Kingo ya korongo nyuma ya shamba haina haja ya kusakafiwa. Tofali mbichi zilizobaki zikikaa chini ya mti zimefunikwa kidogo zisilowane, hizo tayari ni mtaa. Kivumbasi kinachoota pembezoni mwa bustani hakina ubaya wowote kwa nyanya zako, kinyume chake. Na dawa ya kupuliza, kama lazima upulize, isiwe asubuhi maua yakiwa wazi na nyuki wako kazini, ngoja jioni wakishaondoka, na usipulize ukutani kwenye matundu eti unaua wadudu.

Wapo watu Australia wanaowatengenezea Amegilla makazi kabisa, wanachanganya udongo wa mfinyanzi na mchanga, wanashindilia kwenye boksi la mbao au kipande cha bomba la plastiki, kabla haujakauka wanatoboa vitundu kwa penseli, sentimita mbili tatu kwenda ndani, kama mwanzo tu ili nyuki amalizie mwenyewe, kisha wanalaza bloku hilo mahali pakavu penye paa. Mtu yeyote mwenye baraza anaweza. Udongo usiwe mgumu sana, ukikwaruza kwa kucha uachie vumbi, la sivyo hawatauchimba. Na Amegilla wakishazoea, msimu mmoja au mingine baadaye, utaanza kumwona mgeni mweusi mwenye mabaka anapita polepole mbele ya vitundu. Mwache apite.

Kule msitu wa Kakamega Mary Gikungu, mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alikusanya zaidi ya spishi 200 za nyuki kwenye msitu huo na mashamba yanayouzunguka, msitu mmoja tu huo, sasa piga hesabu ya makorongo ya Kondoa, mapori ya Manyara, pwani yote. Kazi ya namna hiyo wengi wetu hatuiwezi lakini simu tunazo, na Thyreus ana tabia moja inayomsaidia mpiga picha. Hana nyumba ya kulala. Jua likizama, madume kwa majike, wanatafuta kijiti chembamba au bua la nyasi, wanaling'ata kwa taya zao, wanakunja miguu, na wanalala hivyohivyo mwili mzima ukiwa unaning'inia hewani kwa nguvu ya taya tu mpaka asubuhi. Mchana hutampata, atakuacha na ukungu kwenye skrini. Ila saa kumi na mbili jioni, au alfajiri kabla jua halijampasha, unaweza kusogeza simu mpaka karibu kabisa na asitikisike.

Mpige kutoka juu ili kile kibamba cha mgongoni na pengo lake vionekane vizuri maana umbo lake ni kati ya vitu wataalamu wanavyotumia kutofautisha spishi, mpige na ubavuni mabaka ya tumbo yahesabike, na uso kama unaweza. Andika mahali, tarehe, na mmea aliokuwa amelalia au aliokuwa ananyonya, weka kwenye iNaturalist, mtandao ambao watu huweka picha za viumbe na kusaidiana kuvitambua. Na kama jirani na hapo kuna ukuta au kingo yenye matundu, upige nao, pamoja na yeyote utakayemkuta anaingia na chavua miguuni, uziweke zote pamoja, kwa sababu picha ya Thyreus peke yake inasema alikuwepo, lakini ikiwa na ya Amegilla wa ukuta uleule inaonyesha pia alikuwa akiishi kwa jasho la nani.